Ngumi ya Miezi Minne

Mtaani kwetu Ujiji hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mkandaji, basi. Hata walipopita watu wa kuandikisha kaya za kugawiwa vyandarua, mjumbe wetu aliwaandikia "Mkandaji, nyumba ya pili baada ya msikiti", na mwenyewe alipoulizwa kama ni sahihi akasema ni sahihi, ila aongezewe chandarua kimoja. Sijui alizaliwa wapi wala kwa nani. Niliwahi kumwuliza, akanijibu kwamba alizaliwa uchi kama watu wengine, nikaona nisiendelee.

Kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwakanda watoto wachanga katika zile siku arobaini ambazo mzazi kwetu hakanyagi nje. Alifika jua likiwa bado halijashika joto, na chupa yake ya mafuta ya mise, yale meusi yanayotoka kwenye kokwa za michikichi, yenye harufu ya moshi ambayo mgeni huikunjia uso na sisi tunaiita harufu ya mtoto. Aliketi chini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya miundi yake kichwa kikielekea kwenye vidole. Maji aliyapima kwa kiwiko. Viganja vyake vilikuwa vipana na vidole vifupi, vilipita kichwani, mgongoni, mapajani, kisha mkono wa kulia wa mtoto ukavutwa taratibu ukakutana na mguu wa kushoto, na wa kushoto ukakutana na wa kulia. Kabla ya yote hayo alimsalimia mtoto kwa Kiha, "Mwakeye," akanyamaza kungoja kuitikiwa. Mtoto akitoa sauti yoyote, hata chafya, yeye alihesabu kuwa ameitikiwa.

Mwisho wa kukanda kulikuwa na kusimamisha. Alimshika mtoto makwapani, akamwekea nyayo juu ya paja lake, akasema, "Simama twende Kibirizi tukapande boti." Mtoto wa wiki mbili hukanyagakanyaga kidogo kama anayetaka kwenda, kisha magoti yanakunjika na watu wanacheka. Hiyo ndiyo sehemu ambayo nyumba nzima ilikuja kuitazama, bibi, mawifi, majirani, hata aliyekuja kuazima ungo. Wote waliokuwa wakicheka hawakujua kwamba kwake ule ulikuwa mtihani wa mtoto. Mimi nilikuja kujua baadaye, na nilipojua nilikuwa nimechelewa.

Alikuwa mtu wa mambo mawili mawili. Kwa usafi alitutesa: hakuna mwanamke aliyemgusa mtoto bila kunawa mpaka kiwikoni, awe mama mkwe, awe mke wa shehe. Lakini pindoni mwa kanga yake palifungwa ugoro, na kati ya kumkausha mtoto na kumpaka mafuta aligeukia ukutani, akavuta, akapiga chafya mbili, akanawa upya. Aliwapenda watoto wachanga kuliko kitu chochote, ila walipoanza kutembea walimchosha. Akishatembea ni wa mwalimu, alikuwa akisema, si wangu tena. Majina yao hakuyashika kabisa. Miili yao hakuisahau. Siku moja sokoni nilimwona amemshika mkono muuza samaki mmoja wa migebuka, mwanamume mwenye ndevu zake, anamwuliza mbele ya wateja kama goti lake la kushoto bado linalia. Yule mwanamume aliona haya, lakini akakubali kwamba linalia wakati wa mvua.

Mimi nilimjua vizuri nilipomzaa mtoto wangu wa kwanza, Idi. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kutazama mshono umekaa wapi, na yule mtoto nilimtazama hivyo hivyo, nikitafuta penye kasoro. Mlango ukigongwa mikono yake iliruka pembeni kisha ikajikusanya kifuani, nikalia. Kidevu kikatetemeka, nikalia. Macho yakapishana, kwikwi zikamshika, mguu mmoja ukapiga teke mwingine ukatulia, kila kitu nilikilia. Mkandaji hakunibembeleza. Aliniambia nimezaa mtoto, sijanunua saa ya ukutani, na mtoto anayekaa bila kutikisika ndiye wa kuliliwa.

Kisha akanifundisha, kwa kunionyesha zaidi ya kunieleza. Mkono wa Idi ukitetemeka aliuwekea kiganja polepole, bila kuubana, na ule mkono ukatulia kama taa iliyopunguzwa. "Ukitulia ukiushika, ni utoto tu," alisema. "Usipotulia, unacheza ndani ya kiganja chako, mbebe mbio hospitali, usije kunitafuta mimi." Kushtuka alisema kunakwisha kwenyewe akifika miezi minne, mitano. Akanikataza kumsoma mtoto anayelia au mwenye njaa, kwa sababu mtoto anayelia anakaza kila kitu, hata mtu mzima akigombana anakaza shingo. Na kuhusu ngumi alikuwa na maneno yake ambayo kila mzazi wa mtaa wetu aliyasikia. "Ngumi ya mwezi wa kwanza ni yake, kaja nayo kutoka tumboni. Ya mwezi wa pili mvumilie. Ya mwezi wa nne niite."

Umri alioupenda zaidi ulikuwa miezi mitatu. Hapo siku arobaini zimepita zamani na hana kazi tena katika nyumba hiyo, lakini alipitia tu, akasema amekuja kunywa maji. Aliniambia nimlaze Idi chali, ameshiba, hakuna anayemsemesha, halafu nimwangalie kama ninavyoangalia uji unaoanza kuchemka: hapa kidogo, pale kidogo, kifundo, bega, kidole, shingo, hakuna mahali pametulia na hakuna mahali pana haraka. Anayechemka hivyo mwache. Wa kuangaliwa ni yule anayekwenda kama mlango, anafunguka wote na kujifunga wote, mikono na miguu kwa pamoja. Idi alichemka vizuri. Tulikaa pale sakafuni tukimtazama mpaka uji wa kweli, ule wa jikoni, ukafurika.

Ujuzi huu hakuanza nao. Mama mkwe wangu ndiye aliyenisimulia, maana mwenyewe Mkandaji asingethubutu. Zamani, kabla mimi sijaolewa mtaa huu, kulikuwa na binti wa Simbo aliyeolewa nyumba ya jirani akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alitetemeka mikono na kidevu kila alipochelewa kunyonya. Mkandaji akasema mbele ya wakwe, kwa sauti yake ile ya kujiamini, kwamba hilo ni degedege na ubongo wa mtoto haukukaa sawa. Wakwe walikuwa wanatafuta sababu tangu siku ya harusi. Wiki hiyo hiyo binti alirudishwa kwao Simbo na mtoto wake mgongoni. Huko mama yake akampeleka mtoto kliniki, nesi akaushika ule mkono, ukatulia. Mtoto alikuwa mzima.

Habari zilimfikia Mkandaji. Alikwenda mwenyewe kliniki ya yule nesi, akakaa kwenye benchi pamoja na wazazi asubuhi tatu mfululizo bila mtoto wa kupima, mpaka nesi akamwuliza anataka nini. Alitaka kuonyeshwa. Hiyo ya kuwekea kiganja alijifunza hapo, na nyingine nyingi. Lakini yule binti hakurudishwa kwa mumewe.

Mtoto mwenyewe leo ni mwanamume wa bodaboda, anapaki karibu na soko, mpole, hajui lolote katika haya. Kila akimwona Mkandaji alisema, "Shikamoo bibi, panda nikusogeze." Mkandaji hakupanda hata siku moja. Alikuwa tayari kwenda kwa miguu kutoka Ujiji mpaka mjini, na magoti yake yalivyokuwa, kuliko kukaa nyuma ya mgongo ule. Watu walidhani anaogopa pikipiki. Za wengine alipanda, tena akikaa upande na kumwambia dereva aongeze mwendo.

Tangu kisa kile aliapa kutosema tena neno la ugonjwa wa mtoto mbele za watu. Yaliyokuwa mdomoni mwake yote yakahamia viganjani. Mimi nilifaidika na viganja hivyo, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniumiza.

Saida, mtoto wangu wa pili, alizaliwa hospitali na hakulia mara moja. Walimhangaikia mezani, mimi nikiwa nimelala nahesabu mbao za dari, kisha akalia kidogo, wakaniambia nimshukuru Mungu, nikamshukuru. Siku zake arobaini zilikuwa za kimya. Alinyonya polepole, alilala sana. Mkandaji alimwita Mtulivu, akamkanda kama alivyowakanda wengine, na mimi kwa kuwa nilikwisha kufundishwa kwa Idi sikulia tena kwa lolote. Nilijiona mzoefu.

Alipotimiza miezi minne wifi yangu alikuja kutembea kutoka Bangwe, nyumba ikajaa. Mama mkwe alimwona Mkandaji anapita nje akamwita aje amsimamishe mtoto, wageni waone. Alinawa, akaketi, akasalimia "Mwakeye", akangoja. Halafu akamshika Saida makwapani akamwekea nyayo pajani.

Saida alisimama. Hakukanyagakanyaga wala hakukunja magoti. Miguu yake ilinyooka kama mchi, vidole vya miguu vikachoma paja la yule bibi, kichwa kikaenda nyuma kama mtu anayejivuna. Tulipiga vigelegele. Mama mkwe alisema baba yake naye alikuwa hivi hivi, ukoo wao wana mifupa. Wifi yangu alisema huyu atatembea kabla ya mvua. Mimi nilicheka mpaka machozi, na sitajisingizia, ile ilikuwa moja ya furaha kubwa za maisha yangu.

Mkandaji hakucheka. Alimlaza mtoto, akamtenganisha mapaja kama anayetaka kumbadilisha nepi, mapaja yakakataa. Akachukua mkono wa kushoto, ngumi imefungwa na gumba liko ndani, akaufungua, ukajifunga tena. Akafuta mikono yake kwenye kanga kwa muda mrefu, mafuta yenyewe hakuwa ameyapaka. Akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Kuanzia wiki ile akawa anakuja bila kuitwa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na chupa yake ya mise. Alisema anafuata uji wangu wa ulezi. Uji wangu naujua, haufuatwi na mtu. Nilimtania kwamba amekosa watoto wa kukanda sasa ananyang'anya walioisha muda, akatabasamu, akaendelea. Alikanda mapaja ya Saida mpaka mwenyewe akatokwa na jasho. Alinionyesha namna ya kufungua ile ngumi. "Usivute vidole, mkono utakasirika. Kunja kifundo kwanza, kiganja kielekee chini, vidole vitafunguka vyenyewe. Halafu gumba, ulishike shinani, si nchani." Akasema nimbebe ubavuni, miguu imetanuka huku na huku ya kiuno changu. Akasema pia asisimamishwe tena, mapaja yapumzike kwanza. Hilo niliitikia mbele yake. Akiondoka, mgeni akija, tulimsimamisha.

Miezi kumi Saida hakuweza kukaa. Ukimwachia alianguka nyuma kama ubao. Nikaenda kliniki, kliniki wakaniandikia hospitali, na huko kijana mmoja wa mazoezi ya viungo akamkunja na kumkunjua, akamwita mwenzake, wakaniambia ni mtindio wa ubongo. Alieleza vizuri, bila haraka. Ile kusimama haikuwa nguvu, alisema, ilikuwa misuli isiyojua kulegea. Akauliza ni nani amekuwa akimfungua mkono huu, maana haujakaza kama alivyotarajia. Nikamwambia ni bibi mmoja wa mtaani kwetu.

"Basi bibi huyo alijua anachokifanya," alisema. Akaongeza kwamba wakati mwingine nikiona hivi kwa mtoto mwingine nisingoje, nije miezi minne, mitano, kwa sababu ubongo mdogo unafundishika zaidi. Hakusema kwa kunilaumu. Lakini miezi sita niliisikia ikianguka ndani ya kifua changu, mmoja mmoja.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkandaji, mtoto mgongoni. Alikuwa barazani anachambua dagaa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya vigelegele."

Mengine niliyoyasema siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia mikono yake isimguse tena mwanangu. Nilimwambia kama ana hamu ya kukanda akakande maiti, hao hawangoji kuambiwa. Majirani walitoka. Hakujitetea. Hakusema habari ya binti wa Simbo, ambayo ingemtetea kidogo. Aliingia ndani akanitolea chupa ya mise, imejaa, na mimi nikaiacha pale pale mlangoni kwake nikaondoka.

Miaka minane hatukusemeshana, katika mtaa ambao ukikohoa jirani anakupa pole. Mimi ndiye niliyekuwa simsemeshi. Yeye alipotuona tunapita, hakunisalimia mimi, alimsalimia Saida kutoka ng'ambo ya barabara, "Mwakeye," akasimama kungoja. Saida alimjua. Alitoa ile sauti yake, anayoitoa kwa kichwa kizima na mabega, na mimi nikaharakisha mwendo kabla haijaisha.

Saida sasa ana miaka tisa. Anakaa kwenye kiti alichotengenezewa na fundi mitumbwi wa Bangwe, kiti chenye mbavu kama za mtumbwi zinazomshika ubavuni. Mkono wa kulia unafunguka, unashika kijiko kinene. Wa kushoto unafunguka ukiombwa. Anaelewa kila kitu na anacheka kwa kuchelewa, wakati sisi tumekwisha kunyamaza, kwa hiyo nyumbani kwetu kila kichekesho tunakicheka mara mbili. Nampenda hivyo alivyo, na kila siku nawaza angekuwaje kama angeanza mazoezi miezi sita mapema. Yote mawili ni kweli na hayajawahi kupatana.

Hapa kuna jambo ambalo nimelizungusha tangu mwanzo. Mkandaji hakunyamaza kabisa. Saida alipokuwa na miezi mitano, asubuhi moja tukiwa wawili tu, aliacha kukanda akaniuliza mara ya mwisho nimepeleka kadi kliniki lini. Nikamwambia juzi, uzito mzuri. Akasema, "Uzito hausemi yote, mama Saida. Mwambie nesi amtazame mapaja." Nilikuwa nimeshika pasi. Nikamjibu, "Bibi, usinitafutie ugonjwa kwa mtoto anayesimama." Alinitazama kidogo, kisha akamimina mafuta mengine kiganjani. Maneno yale nilikuwa nayo miaka yote minane, na miaka yote minane niliyafunika kwa hasira.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, mpwa wake, mwanamke kijana anayeishi Bangwe, alinikuta kwenye cherehani yangu. Alisema bibi alipata kiharusi miezi mitatu iliyopita, wamemhamishia kwake, mambo ambayo mtaani nilikuwa nimeyasikia nikajifanya sikuyasikia. Maneno hayatoki sawasawa, lakini jina langu analitamka kila siku. "Anakuita, dada. Nadhani kuna jambo anataka mlimalize."

Nami nilidhani hivyo. Nilivaa vizuri. Njia nzima nilipanga jinsi atakavyoniomba radhi na jinsi nitakavyokaa kimya kidogo kabla ya kumsamehe, na kama nina moyo wa kutosha nitamwambia na la kwangu, lile la pasi. Saida nilimwacha na Idi.

Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, ziwa linaonekana kati ya nyumba mbili. Uso ulikuwa umevutika upande. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, umekunjwa ngumi, gumba ndani. Mkono ule uliofungua mikono ya mtaa mzima.

"Shikamoo, bibi."

Marahaba ilitoka nusu. Nikaketi, nikangoja. Aliniangalia, kisha macho yake yakaniacha yakaenda sakafuni, kwenye mkeka, ambako mtoto wa yule mpwa alikuwa amelazwa chali. Nikadhani ni aibu. Nikangoja zaidi.

"Kutwa anamwangalia huyu," mpwa alisema kwa furaha. "Hata chakula hataki mpaka nimlaze hapo amwone. Ana miezi minne na nusu, lakini hebu tazama, dada." Akamwinua mtoto makwapani, akamwekea nyayo juu ya kitanda, pembeni mwa miguu ya bibi. "Baba yake akirudi na boti kutoka Kalemie hataamini."

Mtoto alisimama. Miguu imenyooka, vidole vinachoma godoro.

Nilimgeukia Mkandaji. Hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa ananitazama mimi, na hapo nikaelewa kwamba hakuniita kuniomba radhi. Alikuwa amelala pale mwezi mzima au zaidi akimwona yule mtoto anafunguka na kujifunga kama mlango, bila mkono wa kumgusa wala ulimi wa kumwambia mama yake, na katika watu wote wa Ujiji na Bangwe alikumbuka mmoja tu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha.

Nikaomba maji ya kunawa. Niliketi chini, nikanyoosha miguu, nikamlaza mtoto juu ya miundi yangu. Nilimwambia "Mwakeye". Alitoa sauti. Nilijaribu mapaja, yakakataa. Nilikunja kifundo cha mkono, vidole vikafunguka polepole, nikatoa gumba kutoka shinani, nikaachia, likarudi ndani. Mkono wa pili hivyo hivyo. Mama yake alikuwa bado anazungumza, jinsi anavyonyonya, jinsi asivyosumbua, mtulivu mno.

Nilifikiri, labda nisubiri leo nirudi Ijumaa. Nitamkanda kidogo kwanza, nizoeane na mama yake, nitafute siku nzuri ya kumwambia. Niliyasikia mawazo hayo yakipita kichwani na nikayatambua. Kwa mara ya kwanza nilijua uzito wa kitu alichokuwa amekibeba siku ya vigelegele, katikati ya nyumba iliyojaa watu wenye furaha, mimi nikiwa nimefurahi kuliko wote.

"Sema," alisema Mkandaji.

Lilitoka zima. Mpwa wake aligeuka kwa mshangao, maana tangu augue hakuwa amesikia neno lake likitoka bila kukatika. Nikamrudishia mtoto wake mikononi, nikamwomba aketi karibu nami. Nikamweleza yote niliyoyashika, mapaja na gumba na kile kichwa kinachokwenda nyuma. Nikamwambia mimi si daktari, na naomba niwe nimekosea.

"Lakini anasimama," alisema.

"Hata wangu alisimama, mdogo wangu. Kesho twende wote hospitali. Nitakusindikiza."

Aliinuka. Aliniambia nimekuja na mkosi wangu nyumbani kwake, kwamba mwenye mtoto mgonjwa anataka na wa wenzake wawe wagonjwa, na mengine. Niliyajua. Mengi yalikuwa yangu. Akambeba mtoto akatoka uani, tukasikia anafagia, katikati ya uwanja uliolowa mvua, mahali pasipo na cha kufagia.

Chupa ya mise ilikuwa dirishani. Nilimimina kidogo kiganjani, nikauchukua mkono wa Mkandaji. Nilikunja kifundo kwanza. Vidole vilifunguka kimoja kimoja, vigumu, na ndani ya kiganja kulikuwa na alama ya ukucha wa gumba, imechimba. Niliipaka mafuta. Nilimwambia, "Bibi, siku ile ya pasi uliniambia. Mimi ndiye niliyekataa." Alifumba macho. Machozi yakashuka upande ule mmoja ulioweza.

Baadaye akauliza kitu. Alirudia mara tatu mpaka nikakipata. "Anakaa?"

"Anakaa, bibi. Anashika kijiko."

Tulikaa hivyo, mkono wake mikononi mwangu, huko uani ufagio ukaanza kupungua kasi, kisha ukanyamaza. Yule mama akaja akasimama mlangoni, mtoto amembeba ubavuni, uso umevimba, hakuingia. Akauliza tuondoke saa ngapi.